Mbuzi wa Parashuti

Kwenye kilio cha Bokungu walipika mbuzi, na mimi sikugusa hata kipande. Msichana aliyekuwa akigawa sahani aliniuliza kama meno yananisumbua. Nikamwambia meno ni mazima, Mungu apewe sifa, ila mbuzi wa kilio cha mtu huyu nimekwisha kumla mara moja, na mara moja inatosha. Alinitazama vile watu wanavyowatazama wazee walioanza kuchanganya mambo, akaniongezea wali, akaenda zake. Simlaumu. Kati ya wote tuliokaa siku ile chini ya turubai, kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu hapa Kalemie, tulikuwa wanawake wawili tu tuliojua kwamba Bokungu alishawahi kuliliwa, miaka mingi nyuma, wakati wa Zaire, akiwa hai anakula samaki. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mjane wake, Mama Odia, aliyekaa kwenye mkeka ndani pamoja na mabinti zake. Nilipoingia kumpa pole alinishika mkono akasema, "Usiondoke mbele ya kuonana nami." Basi nikakaa, nikasubiri, na kwa kuwa mzee akikaa hana kazi nyingine, nikaanza kuukumbuka ule mwaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheo cha sajini, na kazi yangu ilikuwa kukunja parashuti. Waasi walikuwa wamevuka ziwa wakaingia Moba, vita ikawaka katika milima ya kusini, nasi tukaletwa Kalemie pamoja na ndege mbili ndogo za propela zenye roketi chini ya mabawa. Rubani wa ndege zile alivaa parashuti mgongoni kama mtoto wa shule na mkoba wake, akaiegemea safari nzima, na bahati ikiwa upande wake akarudi nayo bila kuifungua. Watu hudhani kuikunja ni sawa na kukunja shuka. Kitambaa kile kikiingia unyevu hushikana, kikishikana hakifunguki, na kisipofunguka hakuna atakayerudi kukulaumu. Kwa hiyo kila baada ya muda lazima parashuti itundikwe ikauke, ikaguliwe mshono kwa mshono, kamba zinyooshwe moja moja, ndipo irudishwe kwenye mfuko wake. Na Kalemie ni mji wa unyevu. Mvua zikianza, hata chumvi inalia ndani ya kopo.

Kwenye kiwanja cha ndege hapakuwa na paa refu la kutundikia kitu kirefu namna ile, tukaazima ukumbi wa kiwanda cha nguo, upande uliokuwa hauna kazi. Ninaupenda ukumbi ule mpaka leo. Dari lilikuwa juu kama la kanisa, madirisha yake yalitazama ziwa, na hewa ilinuka mafuta ya mashine na pamba ya zamani. Parashuti zikining'inia mle, nyeupe, zikitikisika kidogo kwa upepo, akina mama washonaji wa upande wa pili walikuja kuchungulia na kuniuliza bei ya mita. Mmoja wao ndiye aliyeniokoa uzi wangu mweupe ulipokwisha na mwingine ukakawia kufika: alinipa bobini nzima ya uzi wa bluu. Nikazimalizia ncha za kamba zote kwa uzi ule ili zisifumuke. Papa Mwilambwe, fundi mkuu wetu, alipoziona alivua miwani. "Sajini Ngoie, hii ni parashuti ya vita ao ya arusi?" Nikamjibu kwamba anayeanguka hatazami rangi. Alicheka, akaipitisha.

Papa Mwilambwe alikuwa mtu wa Kabalo, mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu. Ndege mbili zile alizihesabu kuwa zake, na marubani kwake walikuwa wageni wanaoazima. Mafuta yalikuja kwa treni ndani ya mapipa yenye kutu, naye aliyachuja yote kupitia ngozi laini, pipa kwa pipa, akimtukana kwa upole kila aliyejaribu kumharakisha. Ndege ikirudi, kabla ya rubani kushuka, yeye alikuwa amekwisha kuizunguka akipapasa mabati kwa kiganja, akitafuta matundu ya risasi. Akipata tundu anachukia, kama mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani na kovu. "Mulimupeleka wapi huyu?" alimwuliza rubani. Kisha alikata kipande cha bati, akakigongea pale, akakipaka rangi, na asubuhi ndege ikaondoka tena. Mkia wa ndege ya Bokungu ulikuwa na viraka vingi mno, tukaiita Shati la Maskini.

Tulikula pamoja kwenye banda nyuma ya gereji, mafundi, marubani na mimi, kwenye meza iliyotengenezwa kwa mbao za masanduku ya roketi. Mpishi wetu alikuwa Mama Anjelina. Siku zile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na karatasi zake zilikuwa na jina lingine la heshima kabisa, lakini ukimwita kwa jina hilo hupati mboga. Alitupikia bugali wa mihogo, sombe ya majani ya mihogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, wa mchana uleule, na mvua ikipiga mabati ya banda tulipiga kelele ili tusikilizane. Hapo ndipo Bokungu alipokuwa mfalme. Luteni mrefu kutoka mkoa wa Équateur, mke wake yuko Lubumbashi, Kiswahili anakikanyaga kama mtu anayevuka mto kwenye mawe, lakini haachi kusema. Alikuwa akiniudhi kwa jambo moja. Katika kazi yetu kuna desturi: rubani aliyeokolewa na parashuti humletea aliyeikunja chupa. Papa Mwilambwe aliibadilisha desturi hiyo kwenye kikosi chetu. Chupa, alisema, inaisha mbele ya hadithi kuisha. Mtu akupe mbuzi. Basi kila Bokungu aliporudi kutoka milimani, akaivua parashuti akanirudishia, alisema maneno yaleyale: "Sajini, mbuzi yako angali anakula majani." Maana yake: leo pia sikuihitaji. Nami nilimjibu, "Mwache anenepe, Luteni."

Siku ambayo hakurudi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi mawingu yakalala juu ya milima. Ziliondoka ndege mbili, ikarudi moja. Tuliisikia kabla ya kuiona, tukatazama juu tukitafuta mlio wa pili. Rubani mwenzake alishuka. Alisema walipigwa risasi kutoka chini wakiwa kusini ya Mpala. Injini ya Bokungu ilitoa moshi, akafungua kioo, akaruka. Aliona mwili ukitoka. Kisha wingu likamfunika. "Ilifunguka?" Papa Mwilambwe akamwuliza. Yule rubani akanitazama mimi, si yeye. "Sikuona," akasema. "Kusema kweli, sikuona ikifunguka."

Kuanzia siku ile kila mtu alikuwa mpole kwangu, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Waliniachia nafasi kwenye benchi. Mazungumzo yalikatika nikiingia. Nikipita nyuma ya gereji nilisikia neno "unyevu", tena "unyevu", kisha kikohozi. Ndege ya upelelezi ilizunguka kule siku chache, haikuona kitu ila misitu na mashamba. Mimi nilijua nilivyoikunja. Ningeweza kuapa mbele ya altare. Lakini usiombe kujua kitu ambacho huwezi kukionyesha mtu. Siku moja mchana niliingia ukumbini nikamkuta Papa Mwilambwe amepiga magoti sakafuni. Alikuwa amefungua parashuti ya rubani wa pili, iliyokunjwa na mimi wiki ileile, ameivuta yote nje, na ameinamisha pua kwenye kitambaa ananusa. Aliponiona hakusimama.

"Ni kavu," akasema.

"Najua ni kavu, Papa."

"Nilitaka nijue na mimi, mwanangu. Nilijua, lakini nilitaka nijue."

Nilikaa chini upande wa pili wa kitambaa, nikaanza kukusanya kamba, naye akashika ncha nyingine, tukaikunja upya wote wawili. Nililia mpaka ilipobidi nigeuze uso pembeni, kwa kuwa hata chozi ni maji. Leo nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na ninamwelewa. Mbele ya wengine alikuwa amenitetea kwa moyo wake wote, akabakiwa na wasiwasi wake mwenyewe, akauleta kuutua pale ambapo hakuna anayemwona. Bahati mbaya nikamwona.

Mwezi mmoja ukapita, hata zaidi. Komanda wa kikosi chetu akasema mtu hawezi kungojwa milele, na mkewe ana haki ya kulia. Mama Odia alikuja kwa ndege ya mizigo kutoka Lubumbashi, mwanamke mdogo wa umri wangu, mimba imeanza kuonekana. Walimtandikia mkeka kwenye nyumba ya marubani. Nilimpelekea uji, nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Akauliza bila kuinua macho, "Njo weye ulikunja parashuti ya bwana yangu?"

"Njo mimi, Mama."

"Basi ile uji uipeleke ku wengine."

Nilitoka na bakuli langu. Nilikuwa tayari kwa kila neno ila hilo. Nilikwenda nikakaa chini ya bawa la ndege iliyobaki, nikaunywa uji ule mimi mwenyewe, ukiwa umepoa, kwa sababu sikuweza kumpa mtu mwingine na sikuweza kuumwaga.

Kilio kikapangwa. Hapakuwa na maiti, na wazee wa Kalemie waliulizana kwa sauti za chini: mtu analiliwa vipi bila maiti? Walikubaliana iwekwe kofia yake ya kijeshi kwenye kiti, na watu walie mbele ya kofia. Asubuhi ya kilio nilikuwa ukumbini, sikutaka kuonekana mapema. Niliporudi, banda lilikuwa limejaa, wanawake wanaimba, na Mama Anjelina jasho linamtoka mbele ya vyungu viwili. Alinipakulia nyama. Aliniambia kwa fahari kwamba watu wa samaki wametukumbuka: mama mmoja alitoka kwenye mabwato ya wavuvi wa kusini, akaacha mbuzi mkubwa getini, akaenda zake bila hata kuomba maji. Nilikula. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na huzuni, na vitu hivyo viwili hukaa pamoja vizuri kuliko watu wanavyokubali. Mbuzi alikuwa mnono.

Nilipokwisha kula nilipeleka sahani nyuma, kwenye karai. Mama Anjelina alikuwa amefunga kamba kutoka kwenye nguzo ya banda mpaka kwenye mpapai, na juu yake ametandaza vitambaa vya kufutia vyombo. Kamba ilikuwa nyeupe, laini, nyembamba. Niliipitia chini nikiinamisha kichwa, na mwisho wake, pale kwenye fundo la mpapai, nikaona uzi wa bluu.

Nadhani nilisimama pale muda mrefu, kwa kuwa Mama Anjelina aliniuliza kama nimeona nyoka. "Mama, hii kamba umeitoa wapi?"

"Ile? Si njo ilikuwa ku shingo ya mbuzi! Kamba ya muzuri namna hii, niitupe?"

"Na yule mama wa bwato alisema nini? Neno lake lenyewe."

"Eh, alisema mbuzi ni ya ule bibi anakunja maparashuti. Nikasema, awa watu wa samaki wako na roho, wanamupa pole Ngoie. Ni ubaya?"

Kama ingekuwa kamba peke yake, ningesema wameikuta kwenye maiti. Kama ingekuwa mbuzi peke yake, ningesema ni pole ya majirani. Lakini ni nani kule milimani alijua kwamba mkunja parashuti hupewa mbuzi? Ni watu wa meza yetu tu, na wa meza yetu aliyekuwa upande ule alikuwa mmoja. Niliingia bandani nikiwa na ile kamba mkononi na vitambaa bado vinaning'inia. Papa Mwilambwe alikuwa anatafuna. Nilimwekea ncha ya bluu mbele ya sahani yake nikamwambia, "Papa, huyu mbuzi aliletwa kwangu." Alitazama uzi. Alitazama mfupa uliokuwa mkononi mwake. Akaurudisha kwenye sahani polepole, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu alichokiiba.

"Yezu wangu," akasema. "Tunamukula mbuzi ya muntu muzima!"

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaipiga meza mpaka sahani zikaruka, na waimbaji wakanyamaza wakidhani fundi amepandwa na pepo. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia kwa Mama Odia. Sikupiga magoti safari hii. Nilimwekea ile kamba mapajani, nikamweleza desturi yetu, upuuzi wote wa mbuzi na majani, nikijikwaa kwenye maneno. Alisikiliza akiizungusha ile ncha ya bluu kwenye kidole. Kisha akafungua kitambaa cha msiba kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka kando. "Kama kungali nyama," akasema, "unipe. Mimi sijakula tangu Lubumbashi." Nilimletea kwa mikono yangu, naye akala mbuzi wa kilio cha mumewe mpaka akaugua tumbo.

Komanda alitaka kutuma askari. Papa Mwilambwe, kwa sauti yake ya katekisimu, alimwomba asitume: watu waliomtuma mbuzi badala ya barua walikuwa wanaogopa, na bunduki zingewapa sababu. Komanda alifikiri, akakubali, na ninamheshimu kwa hilo. Tukamsubiri yule mama wa samaki mpaka siku ya soko. Alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa kama mbuzi amezoea majani ya huku. Tukaondoka naye kwenye bwato la mota, Papa Mwilambwe na mimi, tumevaa nguo za raia, tumekaa kati ya vikapu. Bokungu tulimkuta kijiji kimoja mbele ya Mpala, kwenye nyumba ya mvuvi mmoja, mguu umefungwa kwa vipande vya miti, ndevu kama za mmisionari. Parashuti yangu ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda chake kuzuia mbu. Niliishika kabla sijamshika yeye. Ilikuwa kavu.

Mwenye nyumba alijieleza huku amesimama mlangoni. "Papa, tulisema hivi: tukimupeleka, watatuuliza, alikuwa kwenu siku zote hizi, muligoja nini? Tukimunyamazia, Mungu naye anaona. Barua tuliikataa, barua inashikwa njiani. Yeye njo alisema, basi muwapelekee mbuzi, watasikia." Mbuzi alikuwa wa mvuvi mwenyewe, Bokungu alimnunua kwa saa yake ya mkononi. Papa Mwilambwe alivua saa yake akampa pia yule mvuvi, wala hakusema ni ya nini. Bokungu alikuwa akinitazama mimi, amekonda, macho yanang'aa. "Sajini," akasema, "mbuzi alifika?"

Papa Mwilambwe akajibu kwa niaba yangu. "Alifika, Luteni. Tulimula ku kilio yako."

Ubishi wa mbuzi yule ulidumu kuliko vita. Bokungu aliacha jeshi mguu ukiwa mfupi kidogo, akamleta mkewe Kalemie, akanunua bwato, akazaa, akajifunza Kiswahili vizuri mpaka akawa anatusahihisha sisi. Kila tulipoonana alinikumbusha kwamba deni liko palepale. Mbuzi aliyeliwa kwa machozi, alisema, si mbuzi wa shukrani. Halafu, akaongeza, ulimla bila kujua ni wako. Nami nilimwambia aache, nimesamehe, sina hata pa kumfunga. Ulikuwa mchezo wetu, na mchezo ukishachezwa miaka arobaini hutaki uishe. Papa Mwilambwe alipotangulia, tulibaki wawili wa kuucheza. Sasa nilikuwa nimekaa chini ya turubai peke yangu, na sahani ya wali imepoa.

Watu walipopungua, Mama Odia alitoka. Alitembea polepole, anashikwa mkono na binti yake mkubwa, yule aliyekuwa tumboni siku ile ya uji. Mkono wa pili wa binti ulikuwa unavuta mbuzi jike, mdogo, mweupe, anayeng'ang'ania kula majani ya ua wa jirani. Shingoni alikuwa na kamba kuukuu, imegeuka rangi, lakini ncha yake niliijua. Mama Odia aliitoa mkononi mwa binti yake, akaiweka kwenye kiganja changu, akakifunga kwa vidole vyake.

"Alinilapisha kwa Mungu nikupe huyu mbele ya wote kuondoka," akasema. "Na alisema nikuambie neno. Sajini, mbuzi yako angali anakula majani."